Mwanahiti Niliyemwosha kwa Sabuni

Dada Zuhura, shikamoo.

Huku Kibaha mvua haikatiki. Mtaalamu wa makumbusho amemkagua mwanahiti wetu, yule mtoto wa mti ambaye marehemu mama alimlea alipokuwa mwali. Nami nilishamsugua kwa sabuni ili asituaibishe! Mtaalamu akashika kichwa. "Umeosha ushahidi wote, ndugu yangu!" Kisha akamnusa shingoni, kwenye mkunjo ambao sabuni haikufika, akatabasamu. "Ni wa kale kweli. Mafuta ya nyonyo yameingia mpaka ndani ya mti."

Nikanusa na mimi. Dada, ni mama yule yule, akitusuka barazani. Nimelia mbele za watu.

Wasalimie wote hapo Kisarawe. Na ile khanga ya mama iliyomo sandukuni, nakuomba, usiifue.

Mdogo wako, Mwanaidi