Maksai Wanane wa Baba

Jinja, Uganda

Kwako kaka Kiprono,

Nakusalimu kwa sababu mama alitulea tusalimu kwanza, hata mtu awe ametuudhi namna gani. Haya, hujambo? Mkeo na watoto ni wazima? Mguu wa mama umepona, au bado anauburuta? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haina adabu na tumbo langu limekataa kabisa kuzoea ndizi za kupika. Nimetolewa kwenye kubeba mawe, sasa naendesha trekta. Salamu zimeisha. Sasa tuseme ukweli.

Barua yako nilipoipata nilifurahi kama mjinga. Uliandika kwamba umefanywa nyapara wa shamba zima, umepewa koti na kofia. Hukuandika ulivyoupata huo unyapara. Ameniandikia Chebet, dada yetu mdogo, ambaye ana haya kukushinda. Kiprono, ni kweli ulichukua gari la maksai alilotuchongea baba, ukampelekea memsaab watoto wake wachezee?

Nani alikupa ruhusa? Umesahau nilivyougua surua nikafungiwa nyumbani, na baba akitoka kulima anakaa mlangoni na kisu chake, anachonga? Alichonga wanane, wale wale aliokuwa akiwaendesha. Simba wa pembe moja. Sukari, aliyekuwa akimlamba shingo. Jumatatu, ambaye kila tukitoka kanisani Jumapili, kesho yake hataki kazi. Sukari alipovunjika mguu akachinjwa, baba aliomba kipande cha ngozi yake, akakata kamba za zile nira ndogo. Siku hiyo hakula.

Na tukimfunga ng'ombe wa kulia upande wa kushoto, alikuwa anatukemea kweli kweli. "Huyo amefundishwa kulia! Ukimweka kushoto atakuvunjia plau!" Mpaka akawachoma wale wa mti alama tumboni kwa msumari wa moto, mstari mmoja wa kulia, miwili wa kushoto, ili tusikosee tena. Chebet anasema kabla ya kuwapeleka uliwaosha kwa sabuni, ukawapanga upya, weupe mbele, weusi nyuma, ati wapendeze. Wapendeze! Wewe, mtoto wa mwendesha maksai!

Hayo ningeyameza. Lakini yaliyofuata yamenikaa kooni. Tangu trekta ije na maksai wauzwe kwa bucha, baba amekuwa wa kumwagilia maua ya memsaab, na wewe unajua. Asubuhi moja akaliona gari lake kwenye veranda. Akaweka ndoo chini, akapanda ngazi, akapiga magoti, akaanza kuwafungua ili awarudishe mahali pao. Mpishi akapiga kelele. Ukaja mbio na koti lako.

"Hii ng'ombe imefungwa vibaya," baba alikuambia. "Na moja haiko."

Ukamshika mkono ukamteremsha ngazi. Memsaab akauliza, "Nani hii?" Na wewe, Kiprono, kifungua mimba wa nyumba yetu, ukajibu, "Ni mzee tu ya bustani, memsaab. Kichwa yake imezeeka."

Mzee tu ya bustani! Niliposoma hapo nilitupa sahani ya chakula nje, wenzangu wakadhani nimepata habari ya msiba. Nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu yeyote. Chebet anasema baba hajalalamika hata neno. Ila sasa ukipita anakuvulia kofia, kama wafanyakazi wengine wanavyokuvulia. Unaionaje hiyo? Inakupendeza?

Yule mmoja asiyekuwepo ninaye mimi. Nilipokuwa naondoka nilimtia Jumatatu mfukoni, na baba aliniona akaniacha niende naye. Yuko hapa mezani, ameelekea mlangoni. Nimeomba likizo ya Krismasi. Nikifika nitamtia mkononi mwa baba, si mwako. Akitaka kumweka nyumbani, basi. Akitaka kupanda tena ile veranda kumfunga mahali pake, mbele kushoto, atapanda na mimi nitakuwa nyuma yake. Wewe utasimama chini ya ngazi, kofia mkononi, umngoje baba yako amalize. Na memsaab akiuliza tena ni nani, utamjibu vizuri.

Msalimie mama, na mjomba wa pale zizi la maziwa, na shangazi wa Keringet akija kuwatembelea. Mkeo umwambie sina neno naye. Chebet usimguse kwa sababu ya barua hii. Nikisikia umemgusa, sitangoja Krismasi. Baba usimpe salamu zangu, hazipiti kwenye mdomo wako. Chebet atampa.

Ni mimi ndugu yako,
Kimutai, mwana wa mzee wa bustani.