Tembe za Chuma za Kemunto na Moraa

Mjukuu wangu Nyaboke,

Nakusalimu kutoka Kebirigo. Hatujambo, ila babu yako amepogoa michai na sasa mgongo unamuuma. Umeniuliza kwa nini tembe za kuongeza damu hazikusaidii, ilhali unazimeza kila siku.

Swali lako limenirudisha miaka ya sabini. Dada yangu Kemunto alikuwa amejifungua, akapungukiwa damu hata akawa hawezi kupanda kilima bila kuketi njiani. Jirani yetu Moraa, Msabato, alikuwa katika hali iyo hiyo. Zahanati iliwapa tembe sawa za chuma, lakini Moraa peke yake ndiye aliyepata nguvu.

"Moraa, kwani zako zimebatizwa?" Kemunto alimtania. "Basi mimi nitameza mbili mbili."

"Usithubutu!" nikamwambia. "Zikizidi ni sumu."

Nilitaka kwanza kujua walitofautiana wapi. Wote walikula wimbi na mboga. Ndipo nikamwona Kemunto akishushia tembe kwa chai. Moraa aliichuma chai, lakini kwa imani yake hakuinywa. Alimeza tembe kwa maji.

Muuguzi alithibitisha: chai huyashika madini ya chuma tumboni, mwili usiyapate. Kemunto akaanza kuacha saa mbili kati ya tembe na chai. Baada ya miezi michache alipanda kilima akiwa na mtoto mgongoni, akinicheka mimi niliyebaki nyuma.

Wewe unazimeza na nini? Usiongeze hata moja kabla ya kumwona daktari.

Nyanya yako,
Bosibori