Siku Niliyomfungia Mama Mkwe Mlango

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kisumu tuko salama. Babu yako anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na redio.

Umeuliza kama ni kweli nilimfungia mama mkwe mlango baba yako alipougua. Ni kweli, na sijatubu.

Tuliishi Muhoroni. Baba yako, hata miaka miwili hajafika, alitokwa na tetekuwanga mwili mzima. Mama mkwe akaja na mganga mwenye wembe. "Damu yake imechafuka," akasema. "Achanjwe, itoke."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kliniki. Nesi aliniambia, "Mama Otieno, kwenye hiyo damu kuna seli za kinga za kuzaliwa nazo. Sasa hivi zinaua seli zilizoingiwa na virusi, wakati kinga nyingine bado inajifunza adui ni nani. Mpe maji, umkate kucha asijikwaruze, umrudishe akizidiwa."

Nikasimama mlangoni. "Mama, damu hiyo inapigana. Hamtamwaga hata tone."

"Umesomea wapi udaktari?" akafoka.

"Leo asubuhi," nikamjibu, nikafunga mlango.

Niliogopa, Akinyi. Kila homa ilipopanda nilijiuliza kama kiburi changu kitamuua mwanangu. Siku ya sita vipele vilikauka, akaomba uji.

Mama mkwe alipokuja tena nilimpa mtoto ambebe. Akamgeuza huku na huku, akasema, "Ana damu kali, ya ukoo wetu."

"Na ya mama yake," nikamwambia.

Bibi yako, dani anayekupenda,
Mama Otieno