Jiwe la Baba Limelala Chini

Baba,

Jiwe lako liliwekwa wiki moja kabla ya Pasaka. Limelazwa chini, usawa mmoja na nyasi. Jina lako, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, basi.

Kaka Ambakisye hasemi nami tangu hapo. Yeye na ndugu kule Tukuyu walitaka jiwe la kusimama, lenye picha yako umevaa joho la uinjilisti. Aliniambia kwenye simu, "Unamzika baba kama mtu asiye na watoto." Nikaanza kumweleza, nikalia, nikakata simu.

Ningemwambia habari za Herrnhut. Majira yako ya kwanza ya baridi hapa ugenini, Etobicoke, ulikuwa ukikaa dirishani, ghorofa ya kumi na moja, unamsimulia mwanangu Neema kijiji hicho kidogo cha Ujerumani. Wakimbizi kutoka Moravia, waliofukuzwa kwa ajili ya imani, walipewa mahali pa kujenga. Kutoka hapo wakaenda kuhubiri mbali, na waliowafuata wakafika hadi kwetu Rungwe, babu yako akabatizwa. Neema alikujibu kwa Kiingereza. Hukumwelewa, ukatikisa kichwa tu.

Ukasema makaburini kwao tajiri na mtumishi wamelala chini ya mawe ya namna moja. "Na mimi nilazeni hivyo hivyo." Nilikuwa naosha vyombo. Nikasema, "Baba, kunywa chai, inapoa." Sikugeuka hata kukutazama. Hilo, Baba, ndilo linaloniuma.

Alfajiri ya Pasaka nilipanda basi kuja kwako, peke yangu. Kwetu nyumbani, alfajiri kama hiyo, kanisa zima huwa makaburini na tarumbeta, linangoja jua. Hapa geti lilikuwa bado limefungwa. Nikasimama nje ya uzio, theluji chafu miguuni, nikaanza kuimba. Ubeti wa pili sauti ikaniisha. Besi ulikuwa ukiimba wewe. Jua lilipotoka nilisema "Amefufuka", na hakuna aliyeitikia.

Jana Ambakisye alituma ujumbe, wa kwanza tangu tugombane: "Nitumie picha ya kaburi." Sitatuma picha peke yake. Kesho nikitoka kazini nitampigia, nimweleze uliyoniambia, na pia kwamba sikukusikiliza vizuri. Nikilia, atangoja. Safari hii sikati simu.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Atupele