Kanisani, macho wazi

Yaya Béa, jambo kwako na kwa wote pale nyumbani Kolwezi.

Huku Likasi baridi ya asubuhi inauma. Watu wanasema simenti ya kanisa ni kama barafu, lakini miguu yangu haisikie kitu. Jumapili, kwa kanisa letu hapa Panda, muchungaji alisema tufumbe macho tuombe. Nikafumba, nikaanguka kati ya viti. Ba mama wakafurahi: “Roho amemugusa, mumuache.” Nikawaambia palepale chini: “Hapana, ba mama, ni miguu. Munisimamishe, tafadhali.” Mumoja akacheka, akaninyooshea kitenge, akaniinua.

Bwana kine wa hospitali, yule anayenifundisha kutembea upya tangu nitoke kitandani, alinieleza. Mishipa ya fahamu ya miguu imechoka, haipeleke tena habari kwa ubongo, basi macho tu ndiyo yananishikilia. Ndiyo maana alinikataza kumubeba mutoto wangu Gracia mpaka niweze kusimama macho yamefumbwa. Sasa wakati wa maombi kanisa lote linafumba, miye peke yangu ninaangalia watu, na ninamuwaza kule Kolwezi kwa mugongo wako.

Usimuzoeze kubebwa na kila mutu, Yaya. Weye unatosha.

Asubuhi hii nilishika ukuta, nikafumba macho, nikaanza kumuombea. Katikati nikaachia ukuta. Niliyumba sana, lakini nilifika kwa amina nikiwa nimesimama.

Umubusu mashavu yote mawili, umuambie mugongo huu ni wake.

Mudogo wako,
Nadine