Ufagio Wako Umefika Jangwani

Mpendwa Baba, mtani wangu wa Ngamiani,

Shikamoo huko uliko. Najua ungekuwepo ungeitikia, "Marahaba, timu mbovu." Basi kaa vizuri. Leo nina habari, na safari hii huwezi kunikatisha.

Unakumbuka siku naondoka Tanga kuja Dubai? Mama analia, shangazi ananifungia kashata, wewe umekaa barazani na jezi yako ya timu ya mtaa wa Ngamiani, kichwa juu kama mwenye mji. Ukasema, "Mwacheni aende. Shabiki wa Chumbageni kwao ni chumba cha ugeni!" Watu hoi. Nikakujibu, "Na wewe wa Ngamiani, hata ngamia hujawahi kumwona!" Kwenye ndege nacheka peke yangu mpaka jirani yangu akaomba abadilishiwe kiti.

Haya, nani alishinda? Mimi naishi Karama, chumba cha kuchangia, miguu ya mwenzangu wa kitanda cha juu inaning'inia juu ya ndoto zangu. Ulinitabiria. Ila ngamia nawaona, Baba. Wanavuka barabara kwa madaha, magari ya kifahari yanawasubiri. Kila nikimwona mmoja nasema moyoni, huyo mzee kanifuata.

Nyumbani kwetu utani ulikuwa na sheria moja tu. Timu yako ikifungwa, unajifunga kanga ya Mama, unafagia uwanja wa nyumba mchana kweupe, majirani wanatazama. Nakuona mpaka leo, mzee mzima na ndevu nyeupe, kanga kiunoni, unafagia polepole kama unanyoosha suti kwa pasi. Mtu akikucheka unamwambia, "Cheka, baba. Zamu haina mwenyewe."

Halafu mkatufunga ile mechi mimi nikiwa huku. Ukanipigia, hata salamu hukutoa. "Ufagio nimeuegemeza mlangoni. Unakusubiri." Nikakuahidi nikija likizo nitafagia mpaka barabarani.

Hukunisubiri, Baba. Na mimi ruhusa ya kuja kukuzika sikupata. Mama anasema watani wako walikuja msibani, mmoja akalala kaburini akikataa usishushwe mpaka uvue jezi, watu wakacheka na machozi yanawatoka. Mtani wako mkubwa nilikuwa nabeba viti Dubai Marina. Ufagio mpaka leo uko pale mlangoni. Hakuna anayeugusa.

Ndiyo nakuja kwenye habari yenyewe.

Kampuni yetu inafunga mahema na kupanga viti vya shughuli. Sasa kuna tajiri mmoja anataka kujenga uwanja mpya nje ya mji, kwenye mchanga mtupu, ili timu kubwa za kulipwa zije ziweke makao. Wakaalikwa wakubwa wa timu kutoka nje waje waone. Mfano wa ule uwanja, mdogo kama sinia la pilau la harusi, niliubeba mimi. Taa zinawaka, paa linafunguka. Madam anayesimamia mradi akaeleza vizuri: viti vina ubaridi, treni itafika mlangoni. Mzee mmoja wa timu akauliza swali moja tu, "Na watakaokaa humo ni nani?"

Madam akapekua karatasi zake. Unanijua, swali likikosa wa kulijibu mimi linaniwasha. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Sir, no problem! Uwanja huu unahitaji enemy!"

Baba, nilitaka kusema mtani. Kiingereza cha mtani sikijui, mdomo ukatoa adui. Mlinzi akanishika kwapa, "Yalla, nje!" Madam kageuka rangi. Nikapiga kelele, "Si adui wa bunduki! Adui wa kucheka! Baba yangu alikuwa enemy wangu, nampenda!"

Yule mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Mwacheni aeleze." Nikaeleza. Ukileta timu moja, watu watakuja kupiga picha waondoke. Wape na mtani wa kumcheka, hawalali. Nikaeleza mpaka kanga na ufagio.

Madam akaniangalia. "Ijumaa tunachezesha mechi ya majaribio palepale, na jukwaa la muda. Wageni wanaondoka Jumamosi. Nijazie hao maadui zako, wachezaji na mashabiki. Jukwaa likiwa tupu, uwanja khalas, na wewe khalas."

Sikumbembeleza mtu. Nikaenda mgahawa wa Wakenya mtaa wa Al Rigga. "Jamani, Wabongo wanasema Ijumaa wanacheza na nyinyi, lakini mashabiki wenu wataenea kwenye teksi moja."

"Ati nini? Hawa wametuzoea! Ambia hao tunakuja mtaa mzima!"

Nikatoka hapo mpaka kwa Bi Rukia, yule Mzanzibari niliyekuandikia habari zake, kaishi huku toka ujana wake na Waswahili wote wanamsikiliza. "Bibi, Wakenya wanasema sisi mpaka tumalize kusalimiana, mechi imekwisha."

"Ebo! Wamesema hivyo? Mwanangu, nipe hiyo simu." Akapiga kwa kila anayemjua. Mwisho akampigia mpishi wake, "Ijumaa usinipikie, mimi sipo."

Ijumaa, Baba! Natamani ungeona. Mabasi yanashusha watu kama mchele unamwagwa. Wakenya huku na vuvuzela, sisi kule na ngoma, Waganda wakakaa katikati wanazomea wote. Jukwaa likajaa, watu wakakaa mchangani. Bi Rukia anawapigia kelele upande wa pili, "Salamu tumemaliza, sasa tunawafunga!" Madam anarekodi kwa simu. Jangwa lile halijawahi kucheka namna ile.

Na tukafungwa.

Nilikuwa nimeshatangaza kwenye maiki mbele ya watu wote: watakaofungwa, mtu wao anafagia uwanja. Wakenya wakaanza kuimba, "Kanga! Kanga! Kanga!" Bi Rukia akavua ya juu akanipa. Ufagio akatoa mlinzi, yuleyule wa kwapa.

Nikajifunga kiunoni, nikafagia. Baba, nilifagia jangwa! Nikisukuma mchanga huku, upepo unaurudisha kule, watu wanagaragara kwa kicheko. Nilifagia polepole, kama wewe. Machozi yakanitoka, wakadhani vumbi. Nikawaambia, "Chekeni. Zamu haina mwenyewe."

Yule mzee akamwambia Madam, "Timu moja hatuleti." Nikasimamisha ufagio. "Tunaleta mbili. Na milango iwe miwili, wasipite pamoja."

Mfano ule sasa umechorwa mstari katikati. Na mimi nimepewa kazi ya kusimamia mashabiki. Kwenye kitambulisho wameandika cheo kirefu cha Kiingereza, mimi nasoma Mkuu wa Watani.

Jana nimempigia Mama. Nimemwambia, uondoe ufagio mlangoni, fagia nao, mwenyewe kashafagia. Akacheka, mara ya kwanza toka uondoke.

Lala salama, mzee wa ngamia. Uwanja ni msafi. Ila msimu huu tunawafunga, na sijui huko uliko ufagio utaupata wapi.

Mwanao na mtani wako,
wa Chumbageni, chumba cha ugeni.