Nimezunguka Kinyume

Baba Tamsin, nawe Tamsin,

Pai ya kuku imo kwenye oveni. Viatu vya matope viacheni mlangoni. Mbwa ameshakula, asiwadanganye.

Msinitafute njiani. Asubuhi mliponiacha njia panda ya Marlstow, eti nawachelewesha, nilikasirika, nikageuza baiskeli nirudi nyumbani peke yangu. ~~Leo nalala kwa Mama.~~

Miaka kumi na tisa tunavizunguka vijiji hivi saba kila Jumapili, siku zote tukianzia kushoto, na ni marufuku kusimama kabla ya chai. Ndiyo maana ukuta wa nyuma wa kanisa la Ashwold tumeupa mgongo miaka yote. Leo nimeukuta uso kwa uso, nikashuka nipumue.

Juu pameandikwa 1523. Chini yake, kwenye tofali moja, kuna alama ya kiganja. Mtu alilishika kabla halijakauka. Hata mistari ya vidole inaonekana! Nikaweka mkono wangu, ukaingia sawasawa, mpaka kidole changu cha mwisho kilichopinda. Baba Tamsin, nilisimama pale nikasahau hata kukulaani.

Jumapili ijayo tunaanzia kulia, na natangulia mimi.

Gari nimechukua. Nampeleka Mama yangu kule Ashwold. Tangu macho yake yazime anakataa kutoka, anasema huko nje hakuna tena cha kuona. Hiki atakiona kwa mkono.

Mama Tamsin